Kompyuta Iliyoukataa Uso wa Makuru

Kila siku mnanyanyua simu zenu, zinawatazama, zinafunguka, mnaendelea na mambo yenu. Mimi nikiona hivyo nataka kuuliza: imeona nini? Siwategi, nauliza kweli. Wengi mnaokuja kunisalimia hapa Makoko mnanijibu haraka, "Si imeniona mimi, bibi?" Na mimi nilikuwaga najibu hivyohivyo, tena nikiwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda changu Musoma mjini. Aliyenifanya nianze kuuliza upya ni mtu mmoja wa Nyasura, kule Bunda, anaitwa Makuru. Habari zake nitawapa, ila mtanivumilia kidogo, maana siwezi kufika kwa Makuru bila kupitia kwa mzee Mafuru.

Mzee Mafuru ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na karakana ya redio na mashine za kuchapa pale Bunda, enzi ambazo msichana akishika bisibisi watu wanasimama kutazama. Ukimletea redio mbovu, haifungui. Anaiweka mezani, anaegemea kiti, anaikodolea macho mpaka mwenye redio anaanza kuhangaika.

"Mzee, unaiombea au unaitengeneza?" mteja mmoja alimuuliza.

"Namtafuta aliyeiunda," akajibu. "Nataka nijue alikuwa anafikiria nini alipoweka hiki kitu hapa."

Mimi nilidhani ni uzee tu. Siku moja akiwa anakunywa uji wake, nikaamua kumwonyesha kwamba kazini nimeiva. Nikafungua mashine ya kuchapa bila kuitazama wala kuiuliza chochote. Springi ikaruka kama panzi, ikaingia kwenye kikombe chake. Mzee akaitoa kwa kijiko, akaifuta na shati, akaniambia, "Aliyeiunda alitaka hii ikae imebanwa. Wewe hukumuuliza." Halafu akaendelea na uji.

Basi, twende kwenye nyuso.

Kompyuta zilipoingia nami nikaingia nazo, na mashine za kusoma nyuso zilipofika huku kwetu nilikuwa tayari mtu mzima. Ya kwanza niliikuta Butiama, kwenye ofisi moja ya watu binafsi. Walikuwa wameinunua ili iwaandikishe wafanyakazi wakiingia na kutoka. Asubuhi ilikuwa inamkataa kila mtu, mchana inawakubali wote. Wakaniita. Mmoja aliapa kwamba mashine yenyewe haipendi kuamka mapema.

Nikavuta kiti, nikakaa naitazama kama mzee Mafuru. Walipoanza kuingia niliona. Mlango ulikuwa unatazama mashariki, na mashine imetundikwa ikitazama mlango. Kila anayesimama mbele yake ana jua lote la asubuhi mgongoni, uso wake ni giza tupu. Tukaihamishia ukuta wa pembeni. Ikamkubali kila mtu, hata bosi ambaye hakuwa na haja ya kuandikishwa.

Ila kabla sijaondoka, kijana mmoja akaniita pembeni, akanyanyua simu yenye picha ya mwenzake ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwao. Mashine ikamkaribisha kazini. Kijana akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikaondoka na elimu yangu mpya kichwani: kumbe mashine hizi zinatazama picha tu. Ukiwa na picha ya mtu, unaye mtu.

Na elimu hiyo ndiyo niliyokuwa nayo siku Makuru alipoingia kibandani kwangu.

Alikuja na mkewe, Nyabise. Mchana kweupe, joto linachoma bati, na yeye kajifunga mtandio wa mkewe kuanzia puani kushuka chini, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani. Aliyesema ni Nyabise.

"Shikamoo mama. Kompyuta imemkataa."

"Marahaba. Imekataa kuwaka?"

"Kuwaka inawaka. Imemkataa yeye."

Makuru akafungua mtandio. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea wote. Nyusi imeshuka, jicho halifumbi na linachuruzika machozi, shavu limelala, mdomo umevutwa kwenda kushoto. Aliamka asubuhi moja akajikuta hivyo, maji ya kusukutua yakimmwagikia shatini. Hospitali wakamwambia si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, na kwa wengi hali hurudi polepole. Irudi kiasi gani, hakuna aliyeweza kumwambia.

Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, matoroli. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kitu kingine. Nyie mliokulia mjini hamjui: pamba ikishavunwa, ile miti yake inatakiwa ing'olewe yote na kuchomwa, la sivyo wadudu wanajificha humo wanasubiri msimu mwingine. Mti wa pamba una mzizi mmoja mrefu unaoshuka kama msumari. Unainama, unashika, unavuta kwa kiuno. Shamba zima. Makuru alimwona mama yake akimaliza kazi hiyo anashindwa kunyooka, akaanza kuunda king'oleo: fimbo ndefu ya chuma, chini ina taya yenye meno inayouma shina, na mahali pa kukanyaga. Unakanyaga, taya inabana, unaegemea, mti unatoka. Unafanya umesimama wima.

Aliunda, akavunja, akaunda tena. Kila alichobadilisha alikichora kwenye kompyuta na vipimo vyake vyote. Kile cha mwisho, kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kiliibwa shambani kikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Michoro ndiyo iliyobaki, na alikuwa anajiandaa kuomba hataza.

Hataza ni hivi: umebuni kitu kipya, serikali inakupa haki kwamba kwa miaka fulani mtu mwingine asikitengeneze na kukiuza bila ruhusa yako. Nawe kwa upande wako unakieleza chote hadharani, kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kiwe cha wote.

"Neno la siri?" nikamuuliza.

"Niliweka siku naianza," akasema. Herufi za midomo zilikuwa zinamtoroka, m na b na p, ikabidi nimsikilize kwa makini. "Baadaye nikawa naikalia tu mbele, inafunguka. Nimelisahau kabisa."

"Fundi mwingine kasema aifute yote ianze upya," Nyabise akasema. "Mimi nikamwambia hapana, twende Musoma."

Nina desturi moja ambayo nawasihi muishike: usimfungulie mtu kompyuta kabla hujaridhika kwamba ni yake. Nikamuuliza Makuru, ikifunguka, kwenye kioo kutakuwa na nini?

"Mama yangu," akasema mara moja. "Yuko shambani, kakishika king'oleo kichwa chini miguu juu, anakitazama kama kitamng'ata."

Nikaridhika. Kisha nikamwambia asiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya dakika chache tu. Nikaomba picha yake ya zamani. Nyabise akatoa picha ya pasipoti. Nikaiweka mbele ya kamera. Kimya. Nikaisogeza, nikaiinamisha. Kimya. Nyabise akafungua picha nyingine kwenye simu, Makuru anacheka meno yote nje, akaikuza ikajaa kioo. Kompyuta ikatuambia haimtambui mtu.

"Hii picha mimi ningeifungulia mlango," Nyabise akasema.

Makuru akajifunga tena mtandio. Nikaona amekata tamaa, na mimi elimu yangu ya Butiama imeniishia mkononi. Ndipo nikafanya ambacho ningepaswa kuanza nacho. Nikavuta kiti, nikaitazama.

Pembeni ya kamera, kila ilipojaribu kumtambua mtu, palikuwa na nukta nyekundu hafifu, kama kijinga cha moto kinachokaribia kuzima. Nikachukua simu yangu ya zamani, nikaitazama ile nukta kupitia kamera ya simu. Iliwaka kwelikweli, inametameta. Mnaweza kujaribu na rimoti ya televisheni: kwa macho huoni kitu, lakini kwa simu nyingi, ukiitazama kupitia kamera utaona taa yake ikipepesa ukibonyeza. Ndivyo tulivyokuwa tunajua kama rimoti ni nzima. Basi kompyuta hii ilikuwa inammulika mtu kwa mwanga ambao jicho letu halioni, halafu inatazama kinachorudi. Kwa jicho la namna hiyo, picha kwenye simu ni kipande cha kioo cheusi. Na karatasi ni bapa, haina pua.

Nikawaomba waniachie kompyuta siku kadhaa. Sikujua nitafanya nini. Nilijua tu kwamba nataka kumtafuta aliyeiunda.

Na aliyeiunda anapatikana! Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kwa kuwa mwenye hataza ni lazima aeleze, maelezo yake yamewekwa mtandaoni, bure, yeyote anasoma. Nilianza kutafuta hataza za kufungua vifaa kwa uso, nikakuta ni nyingi kama dagaa. Lugha yake ni Kiingereza cha mawakili, sentensi moja inajaza ukurasa, kila kitu kinaitwa "kifaa hicho kilichotajwa". Kurasa za kwanza nilisinzia. Halafu nikagundua michoro. Kila mchoro una namba, na kila namba ina maelezo, kama ramani za redio za mzee Mafuru. Nikaacha kusoma kama mwanasheria, nikasoma kama fundi.

Nilimkuta mmoja amebuni namna ya kummulika mtu kwa vinukta visivyoonekana ili kupima mabonde na vilima vya uso. Mwingine anahakikisha macho yako yanatazama, ili usifunguliwe simu ukiwa umelala. Mwingine kajiuliza mtu akifuga ndevu itakuwaje, akapendekeza mashine ijifunze kidogo kidogo uso unavyobadilika. Nikawa nawaona wamekaa mahali, watu wazima na shule zao, wanabishana kuhusu ndevu. Na wote walikubaliana jambo moja: kinachotunzwa ndani si picha yako, ni vipimo. Macho yako yameachana kiasi gani, pua imeanzia wapi, nyusi ziko umbali gani na jicho.

Mmoja wao alinifanya nisimame kabisa. Aliandika kwamba sehemu za uso hazina uzito sawa. Eneo la macho na nyusi linaweza kupewa uzito mkubwa, mdomo ukapewa uzito mdogo, kwa sababu mdomo hautulii, unacheka, unakula, unasema.

Sasa, msije mkadhani nilikuwa nimepata jibu. Hataza inakuambia mtu fulani alifikiria nini. Haikuambii kompyuta iliyo mezani kwako imefuata mawazo ya nani. Hilo lazima ulijaribu mwenyewe.

Nilikuwa na kompyuta ya aina ileile ya mteja mwingine aliyeniuzia. Nikaifundisha uso wangu. Kisha nikachukua plasta ya dukani, nikavuta kona ya mdomo wangu mpaka karibu na sikio, nikakaa mbele yake. Ikafunguka. Nikavuta na shavu. Ikafunguka, ila ilisita. Nikabandika nyingine juu ya jicho, nikashusha nyusi moja kama Makuru. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikapandisha nyusi, mdomo nikauacha umepinda vilevile, ikafunguka.

Nilipiga kelele ya furaha, na ndipo mume wangu akaingia na chakula changu cha mchana. Alisimama mlangoni na hotipoti, ananitazama nimebandikwa plasta uso mzima, nacheka upande mmoja.

"Mama," akasema taratibu, "nani kakufanya hivyo?"

"Nyusi!" nikamwambia. "Ni nyusi!"

Akaweka hotipoti chini, akatoka kimyakimya. Nilikuja kumweleza baadaye.

Lakini uso wangu ulikuwa mzima, naweza kuuvuta nitakavyo. Wa Makuru ni uso wa mgonjwa, sikutaka kuugusa kwa kubahatisha. Nikampigia Nyabise, akaniambia wanakwenda kwa dada mmoja wa fiziotherapia anayemkanda uso na kumpa mazoezi. Nikaomba aje naye. Dada yule alinisikiliza, akafungua mkoba akatoa plasta yake laini, maalumu kwa kazi hiyo. Kumbe wao huitumia kila siku kuinua shavu lililolegea. Mimi nilidhani nimevumbua.

Tukamketisha Makuru. Dada yule akabandika taratibu, plasta moja kutoka juu ya nyusi kwenda kwenye nywele, nyingine kutoka shavuni kwenda sikioni. Nyabise akawa anamfuta lile jicho linalochuruzika. Nikageuza kompyuta kwake. Nukta nyekundu ikawaka. Ikakataa.

"Nyusi iko chini bado," nikasema.

Dada akaivuta kidogo. Ikakataa. Makuru akataka kusimama, Nyabise akamkandamiza bega.

"Kaa. Tazama kama unavyoitazamaga ukiwa unachora."

Sijui kwa wengine, lakini maneno yale yalimbadilisha. Alisogea mbele, akainamisha kichwa kidogo, akaacha kujikaza. Ndivyo alivyokuwa anakaa miaka yote, na sisi tulikuwa tumemnyoosha kama anapigwa picha ya harusi. Kompyuta ikanyamaza kidogo. Halafu kioo kikajaa kijani cha shamba, na mama mmoja kakishika king'oleo kichwa chini miguu juu.

Makuru alikuwa analia, jicho la kulia lilikuwa linalia siku zote, lakini sasa na la kushoto.

Kwanza kabisa tulinakili michoro yote kwenye flashi. Kisha tukabadilisha neno la siri, na nikamlazimisha achague ambalo hata akiamshwa ghafla analisema. Nikamwambia sasa bandua plasta, tuifundishe kompyuta uso wa leo, isije ikakukataa tena.

"Hapana," akasema. "Huu haina haja ya kuujua. Utapita."

"Na usipopita?" nikauliza. Nilijuta saa hiyohiyo.

Kamera ilikuwa tayari inamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, uso wake uko pale, mkubwa, umelegea. Niliona anavyoukwepa. Baadaye Nyabise aliniambia kioo cha kujitazamia nyumbani Makuru alikuwa amekigeuza ukutani.

Nyabise akavuta kigoda, akakaa ubavuni kwake, nyuso zao zote mbili zikaonekana. "Huu uso ndio nalala nao, ndio nauandalia chakula," akasema. "Mimi nimeuzoea. Na yenyewe iuzoee."

Makuru akabandua plasta mwenyewe, moja, na nyingine. Akaitazama kamera mpaka ikamaliza kupima.

Sasa hataza yenyewe. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kuzisoma, nilikaa naye tukatafuta kama kuna aliyemtangulia. Walikuwepo, tena wengi! Ving'oleo vya miti, vya vichaka, vya magugu. Mmoja wa nchi ya mbali alikuwa na taya yenye meno kabisa, na pa kukanyaga. Makuru alinyong'onyea. Alikuwa anaamini taya ndiyo uvumbuzi wake. Niliogopa atafunga kompyuta aende zake, lakini akaomba nikuze mchoro. Akautazama sana.

"Huyu hajawahi kuona udongo wetu," akasema. "Udongo mweusi ukikauka unashika. Hiki kitadidimia kisigino badala ya kuinua mti. Mimi niliweka sahani pana pale chini, inateleza kurudi nyuma jinsi mti unavyopanda. Nilidhani ni kitu kidogo tu."

Ndicho alichokiombea, ile sahani inayoteleza. Taya aliiacha kwa mwenyewe. Ofisi ya hataza walimpigia simu kumuuliza kipya ni kipi, akawaeleza mwenyewe, bila Nyabise, akirudia maneno yalipomtoroka. Maombi yamepokelewa. Jibu mpaka leo hatujapata, na kazi hiyo ina foleni yake. Huenda wakamkubalia, huenda wakamkuta mwingine ambaye sisi hatukumwona. Uso umerudi kwa sehemu kubwa, ila akicheka bado upande wa kulia unachelewa kidogo kufika.

Msimu uliopita, pamba ilipokwisha kuvunwa, walinialika Nyasura. Alikuwa ameunda kipya kwa kufuata michoro ile. Akampa jirani yao, mama mmoja anaitwa Bhoke, ambaye hakuwa na hamu nacho hata kidogo. Bhoke alikanyaga, akaegemea, mti ukatoka na mzizi wake wote. Akautazama. Akakanyaga mwingine. Halafu akaenda na mstari mzima, wima, anaongea peke yake kwa Kikurya, na watoto wake nyuma wanakusanya miti.

Mimi nilikuwa napiga makofi. Makuru hapana. Alikuwa amepiga magoti kwenye shimo moja, anachungulia.

"Fundi, njoo uone," akaniita. "Hapa sahani imekwama. Mahali pengine pote imeteleza, hapa imekwama. Kwa nini?"

Nikainama. Palikuwa na alama ya kwato, ng'ombe alipita wakati wa mvua na udongo ukakauka hivyohivyo. Yeye akasema si kwato, ni pembe ya sahani. Mimi nikasema ni kwato. Akachukua kijiti, akaanza kuchora chini.

Nyabise akatutazama sote wawili tumepiga magoti juani. "Haya," akasema, "wameanza tena," akaenda kuchukua kompyuta.